Jenerali wa Zebunissa

Jalaludin alianza kumwonea wivu mzee wa miaka themanini na saba, mzee asiyeweza hata kwenda msalani bila kushikwa mkono, siku mkewe aliporudi kutoka kazini na kutangaza kabla hajavua koti, "Leo tumefika Burma!"

"Mmefika nani na nani?"

"Mimi na Jenerali." Zebunissa alitundika koti, akaingia jikoni akicheka peke yake. "Wamevuka mto na nyumbu. Nyumbu mmoja kakataa katakata, askari wanamvuta mbele, wanamsukuma nyuma. Jenerali wakati huo hata masharubu hajaota vizuri, anasimama kwenye maji kiunoni anamwamrisha nyumbu. Kwa Kiswahili!"

Alicheka mpaka akashika ukingo wa sinki. Jalaludin alikuwa amekaa mezani na gazeti lake. Alijaribu kukumbuka ni lini yeye alimchekesha mwanamke huyu mpaka akashika sinki, au hata ukuta, akakosa. Akafungua ukurasa wa hisa, ingawa hisa hakuwa nazo.

Ilikuwa majira ya baridi ya mwaka 2009, nao walikuwa wakiishi Downsview, kwenye ghorofa linalotazama maghala, pamoja na mwana wao Adil. Zebunissa alikuwa amepata kazi Richmond Hill ya kumtunza Meja-Jenerali mstaafu Hallam Prewett, Mwingereza aliyehamia Canada kuishi na bintiye baada ya kufiwa na mke. Mzee huyo alipougua kiharusi, Kiingereza chake kilipotea nusu, na badala yake kikaibuka Kiswahili cha kambini alichojifunza ujanani akiwa na Keya, jeshi la Mwingereza la askari wa Kiafrika. Binti yake Rosalind akawa anamsikia babake akidai maji, akidai buti, akitukana, naye haelewi hata neno. Akauliza huku na huku, mpaka mwanamke mmoja wa duka la dawa akamtajia Zebunissa.

Tangu hapo maisha ya Jenerali yalikuwa yakiingia nyumbani kwa Jalaludin kila jioni pamoja na ndizi mbivu na maziwa. Kuzaliwa kwake Devon, mtoto wa padri. Kupewa cheo akiwa na miaka kumi na tisa. Nairobi, Burma, Malaya, Aden, Ujerumani, ofisi kubwa ya London, nishani kutoka kwa Malkia. Zebunissa aliyasimulia kwa vipande huku akikata vitunguu, na Jalaludin akajificha nyuma ya gazeti. Ubaya ni kwamba alikuwa akisikiliza. Siku mkewe aliporudi amechoka na kunyamaza, yeye mwenyewe alilishusha gazeti na kuuliza, "Kwa hiyo ule mji waliuchukua, hawakuuchukua?" Halafu akajichukia kwa kuuliza.

Siku moja alidhani amemnasa. "Na Kenya? Wakati wa Mau Mau huyo jenerali wako alikuwa wapi?"

"Alikuwepo," alisema Zebunissa, akamwaga mchele kwenye ungo. "Hapo anaruka."

"Ahaa! Anaruka!" Jalaludin alifurahi kiasi cha kula sahani mbili. Wiki nzima hiyo ikawa silaha yake. Zebunissa akisema Jenerali alipenda chapati zake, yeye hujibu, "Chapati haziruki. Kenya ndiyo anairuka."

Hakujiona mtu wa wivu. Kamrudin wa Mwanza, aliyesali naye jamatkhana, angeulizwa angetoa jibu jingine. Jamatkhana, nyumba yao ya ibada, kulikuwa na desturi ya nandi: familia hupeleka sahani ya chakula, mara nyingi kile alichokipenda marehemu wao, na baada ya ibada sahani hizo hunadiwa, pesa zikienda kwenye shughuli za jumuiya. Zebunissa alipeleka sahani mara kwa mara, biriani, kababu, chochote. Lakini mara moja tu kwa mwaka, theluji ilipokuwa inayeyuka, alipeleka mkate wa kumimina, ule wa mchele wa kusaga na tui na iliki, unaotoka na ngozi ya kahawia juu na matundu madogomadogo ndani. Kamrudin aliupenda mkate huo. Na Jalaludin hakuwa tayari kuona mkate wa mkewe ukiingia kinywani mwa mwanamume mwingine. Kila mwaka wakawa wanashindana, watu wanacheka, mnadi anatoka jasho, na kila mwaka Jalaludin anatoka ameshinda, mkate kwapani.

"Nimenunua mkate wangu mwenyewe!" ndiyo mzaha aliourudia akifika nyumbani, kisha akaukata, akala na chai mbele ya televisheni. Zebunissa alimletea kisu na kwenda kulala mapema.

*

Jalaludin ndiye aliyekuwa akimpeleka mkewe Richmond Hill asubuhi na kumfuata alasiri. Hakuwahi kuingia ndani. Aliegesha mbele ya gereji pana kuliko sebule yake, akasubiri na injini ikinguruma ili asigande, akitazama dirisha kubwa la chumba cha jua ambako, kama pazia halikushushwa, aliweza kuona kofia ya mzee na mgongo wa mkewe. Mgongo ule ulikuwa umeinama mbele. Nyumbani Zebunissa alikaa wima.

Alasiri moja Rosalind alitoka na ndara za ndani kwenye theluji, akagonga kioo cha gari. Jalaludin alishusha kioo akidhani anakaribishwa chai. Mama yule akamnyooshea noti. "Asante kwa kumsubiri," alisema kwa Kiingereza chake kizuri, "chenji baki nayo."

"Mimi ni mumewe," alisema Jalaludin.

Rosalind akawa mwekundu mpaka shingoni, akaomba radhi, akaomba tena, akarudi ndani mbio huku ndara moja ikimvuka. Zebunissa alipoingia garini na kuambiwa, alijitahidi kubana midomo mpaka barabara ya Bathurst, kisha akashindwa.

"Na ulizichukua?"

"Hainichekeshi."

"Si nimeuliza tu. Tungenunua samaki."

Jalaludin alikaza usukani mpaka Downsview. Miaka mingi alikuwa na duka, kwanza la vitambaa Singida, kisha la vikorokoro hapa Toronto, na kote huko watu waliingia wakamwamkia. Sasa alikuwa dereva wa mwanamke anayemfurahisha mwanamume mwingine, tena mwanamume aliyekuwa na nishani.

Kilichomchoma zaidi kilikuwa Kiswahili. Walipooana Singida waliishi na mama yake Jalaludin, bibi aliyeletwa kutoka Kachi, India, uzeeni, asiyejua Kiswahili zaidi ya kuomba maji. Bwana na bibi harusi wakagundua kwamba wanaweza kuzungumza watakavyo mbele ya mama mkwe, mradi wazungumze Kiswahili. Kikachi kikawa cha salamu na heshima. Kiswahili kikawa chao wawili. Walitaniana kwacho, wakagombana kwacho, wakapangana mambo yao ya chumbani kwacho huku bibi akiendelea kuchambua dengu. Kilikuwa kama chumba cha ziada katika nyumba yenye vyumba viwili.

Chumba hicho Jalaludin mwenyewe ndiye aliyekifunga. Sababu yake aliijua, na hakuitaja. Canada walizungumza Kikachi na Kiingereza, na Adil aliyezaliwa huku alielewa Kikachi na kujibu Kiingereza. Kiswahili hakikuwahi kuvuka mlango. Sasa mkewe alikwenda kila siku kukifungua upya Richmond Hill, na aliyekaribishwa ndani alikuwa Mwingereza.

*

Mwanzoni mwa Machi Zebunissa aliweka dengu mezani, akaweka wali, akakaa, akasema, "Jenerali anarudishwa kwao mwezi wa tano. Mwanawe wa kiume amempatia nafasi Devon, nyumba ya maofisa wazee. Amekataa kwenda bila mimi."

"Akatae," alisema Jalaludin. "Ni jenerali, anajua kukataa."

"Rosalind ananiomba nikae naye huko miezi mitatu, mpaka azoee. Tiketi, chumba, kila kitu juu yao."

Adil aliacha kula. Alikuwa na miaka thelathini na tatu, mtu wa hesabu za makampuni, na jamatkhana nzima walimjua kama mtoto wa pekee wa Jalaludin. "Mum, that's great," alisema. "You've never been anywhere."

"Amekaa Singida, amekaa Toronto," alisema Jalaludin. "Unataka aende wapi tena? Na mimi nani atanipikia?"

"Dad, tutaagiza."

"Miezi mitatu tutaagiza? Na watu watasema nini?"

"Watasema nimekwenda Uingereza," alisema Zebunissa.

"Watasema mke wa Jalaludin amefuatana na mwanamume."

"Anavaa nepi, Baba Adil."

Adil alicheka, akajificha kwenye glasi ya maji. Jalaludin akasukuma sahani. Alihisi masikio yanamwaka. "Huendi," alisema. "Nimesema. Huendi."

Zebunissa hakubishana. Alikusanya vyombo, akafungua bomba. Adil alikwenda chumbani kwake na simu. Jalaludin alibaki akitazama mgongo wa mkewe, wima kama kawaida, na ukimya ule ulimkera kuliko matusi, kwa sababu alikuwa ameshaishi nao zamani na hakuupenda wakati ule pia.

"Lakini mnazungumza nini, nyie, siku nzima?"

"Maisha."

"Maisha ya nani?"

"Yake." Alisuuza glasi. "Na yangu."

"Yako yana nini?"

Lilimtoka tu. Hakulipanga, na kama angeweza kulirudisha mdomoni angelirudisha. Zebunissa alifunga bomba. Alimgeukia, akamtazama usoni muda mrefu kidogo kuliko kawaida yao, akakausha mikono yake kidole kwa kidole, akatoka jikoni. Vyombo vilikaa kwenye sinki mpaka asubuhi, jambo ambalo halijawahi kutokea katika nyumba ile.

*

Siku kadhaa baadaye Jalaludin aliamua kwenda kuzungumza na Jenerali mwenyewe, mwanamume kwa mwanamume. Alinyoa, akavaa koti lake la sherehe, akapanga maneno yake njiani. Angesema: mzee, nakuheshimu kwa umri wako, lakini huyu ni mke wa mtu. Alirudia mpaka yakatoka bila kukwama. Alifika saa nzima kabla ya wakati, na safari hii akazima gari na kugonga mlango.

Rosalind alimfungulia, akamwita bwana mara mbili katika sentensi moja. Zebunissa alikuwa chini kwenye chumba cha kufulia, alisema, na baba yuko kule kwenye jua. Ingia tu, atafurahi. Jalaludin akavua viatu, akapita kwenye zulia akiwa na soksi, moja ikiwa na tundu la kidole gumba.

Mzee alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, blanketi magotini, kofia kichwani ingawa yuko ndani. Alikuwa mdogo kuliko Jalaludin alivyomfikiria. Upande mmoja wa uso ulikuwa umelegea, lakini macho yalikuwa ya mtu aliyezoea kukagua wengine.

"Wewe nani?" aliuliza kwa Kiswahili.

"Mimi mume wake." Jalaludin alishtuka kusikia sauti yake ikisema Kiswahili. Ilikuwa sauti ya ujana wake.

"Mume ya nani?"

"Wa Zebunissa."

"Hapana jua Zebunissa." Mzee alitikisa kichwa. "Hapa iko Mama Nazlin tu."

Jalaludin alishika mgongo wa kiti kilichokuwa karibu. Jina hilo hakuwa amelisikia tangu Singida, ambako wateja waliingia dukani na kumwamkia mkewe hivyo, shikamoo Mama Nazlin, khanga mpya zimefika Mama Nazlin? Alikuwa amesafiri bara zima na bahari ili asilisikie.

"Ah!" alisema Jenerali. "Wewe Bwana Duka. Baba ya Nazlin. Kaa."

Alikaa. Alikasirika kwa kukaa haraka vile, kama askari, lakini alikuwa ameshakaa. Maneno yote aliyoyapanga hayakuwepo tena.

"Mimi nauliza wewe kitu," alisema mzee. Alinyanyua mkono wake mzima. "Ile mkate ya mchele. Mtoto napenda sana. Siku ile nakufa, asubuhi naomba mkate. Sasa kila mwaka Mama napika, napeleka kwa Mungu, ya mtoto. Ndiyo?"

Jalaludin alitazama tundu la soksi yake.

"Kila mwaka wewe nanunua. Nakula." Mzee hakuwa anamcheka. Alimtazama kama mtu aliyekutana na jambo ambalo miaka yote ya jeshi haikumfundisha. "Mimi nasema, Mama, kwa nini hapana ambia yeye? Mama nasema, yeye hapana uliza."

Nazlin alikuwa na miaka mitatu. Jalaludin alikuwa Dar es Salaam kununua mali, na mvua za masika zikakata barabara mbele ya Manyoni. Homa ilimchukua mtoto kwa usiku mmoja na mchana. Wakamzika siku hiyohiyo kama inavyotakiwa, na baba alifika siku nne baadaye na marobota ya vitambaa, akakuta matanga yanaondolewa. Hakuuliza alikufaje. Hakuuliza saa, wala alisema nini, wala alimwita nani. Alimwambia mkewe kwa Kiswahili, usiku wa kwanza, tusimtaje tena, mimi siwezi. Na kwa kuwa Kiswahili ndicho mtoto alichokijua, nacho kikaondoka. Mkewe alimtii. Tarehe yenyewe Jalaludin hakuwahi kuijua kwa hakika. Alijua tu kwamba kila mwaka theluji ikiyeyuka kunakuwa na mkate, na kwamba Kamrudin asiupate.

"Mama nalia hapa," alisema Jenerali, akigusa kiti alichokalia Jalaludin. "Mimi pia nalia hapa. Ya Burma. Ya Kenya. Iko mambo ya Kenya mimi hapana ambia watoto yangu. Ambia Mama tu." Alivuta blanketi magotini. "Wewe nalia wapi?"

Kwa hiyo hakuwa anairuka Kenya. Mkewe ndiye aliyemfichia. Katikati ya yote yale, Jalaludin alihisi wivu wake ukimchoma upya, mkali na wa kitoto: hata aibu za huyu mzee mkewe alizihifadhi vizuri, na zake yeye hakuwahi kumpa mtu wa kumhifadhia.

Zebunissa aliingia na kikapu cha taulo zilizokunjwa. Aliwatazama wote wawili. Aliuona uso wa mumewe, akauona na mkono wa Jenerali juu ya kiti, akaelewa.

"Umekuja mapema," alisema kwa Kikachi.

"Ndiyo," alisema Jalaludin kwa Kikachi. Akaenda kutafuta viatu vyake.

 Garini alitaka kusema, na kila alipofungua mdomo aliona mkate, vipande vyake, chai, televisheni, na makombo aliyoyaokota kwa kidole kilicholoweshwa mate ili yasipotee. Aliihesabu miaka ya Toronto, akaacha kuhesabu kabla ya kufika mwisho.

*

Mchele ulirowekwa katikati ya Aprili. Kwa kawaida siku hiyo Jalaludin hulizunguka jiko, akifunua hiki na kile, akiuliza iliki kama inatosha. Safari hii alikaa sebuleni, televisheni imezimwa, akisikiliza mashine ikisaga. Harufu ilipotoka kwenye oveni aliinuka na kufungua dirisha, kisha akalifunga. Zebunissa aliufunga mkate kwa kitambaa cheupe, akauweka kwenye sahani yake ya maua, wakaenda jamatkhana.

Suala la Uingereza lilikuwa bado limelala kati yao. Hakulitaja tena, wala mkewe hakuliomba tena.

Baada ya ibada watu walikusanyika ukumbini kwa nandi. Sahani zilipita moja moja: sambusa, matunda, halua. Kisha mnadi, kijana mchangamfu aliyelelewa Toronto lakini anayejua vitimbi vya wazee wake, akainua sahani ya maua na kutabasamu kabla hata hajasema kitu. Watu wakaanza kucheka na kugeuza viti.

Kamrudin alitaja bei ya kwanza. Akamkonyeza Jalaludin.

Jalaludin aliingiza mikono kati ya magoti na kuibana. Ilibidi aibane, kwa maana mikono ile ilikuwa na desturi yake. Aliutazama mkate. Alijua ladha yake mpaka kwenye ukoko, na wazo kwamba Kamrudin atafika nyumbani, ataukata na kuusifia, Kamrudin ambaye hakujua lolote, lilimfanya meno yaumane. Alitamani kuunyakua akimbie nao. Badala yake alilitaja jina, kimoyomoyo, mara ya kwanza tangu alipolikataza. Nazlin. Ni wako, mama. Si wangu. Alilisema tena, akaibana mikono zaidi.

"Jalu!" Kamrudin aliita. "Vipi leo, unaumwa?"

"Chukua," alisema Jalaludin.

"Hivi hivi tu?"

"Chukua, Kamrudin. Uule vizuri."

Kicheko kikakatika ukumbini. Mnadi aliita mara tatu akimtazama Jalaludin kila mara, kisha sahani ikaenda. Kamrudin aliipokea kwa mikono miwili, akiitazama kama mtu aliyeshtukia bei. "Hata haina raha," alimnong'oneza mkewe. Upande wa pili wa ukumbi, Zebunissa alikuwa amesimama na mkoba wake mkononi. Hakuwa akitazama mkate. Alikuwa akitazama mikono ya mumewe, iliyokuwa bado imebanwa magotini.

*

Walipotoka nje theluji ya mwisho ilikuwa imebaki mafungu machafu pembezoni mwa uwanja wa magari. Jalaludin alimfungulia mkewe mlango, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, akazunguka, akaingia, akawasha gari na kipasha joto. Hakuondoka. Watu walipita wakiaga kwa mikono.

"Funga mkanda, Mama Nazlin," alisema kwa Kiswahili.

Mkono wa Zebunissa ulisimama na ule mkanda nusu ya njia.  Kisha aliuachia, mkanda ukarudi wenyewe mahali pake.

"Nilikuwa Dar," alisema Jalaludin. Kiswahili chake kilikwaruza kama mlango ulioota kutu. "Mvua ilikuwa... Mimi sikuuliza. Niliogopa utaniambia aliniita."

"Nilingoja uulize," alisema Zebunissa. "Singida nikangoja, nikasema labda safarini. Toronto nikangoja, nikasema labda akizaliwa mwingine. Kila mwaka unauleta ule mkate nyumbani, nakuletea kisu, nasema leo atauliza kwa nini naupika siku hii tu. Unanitania." Aliteremsha sauti. "Nilikuchukia, Baba Nazlin. Sikufichi."

"Ulikuwa na haki."

"Sisemi nilikuwa na haki. Nasema nilikuchukia."

Aliitika kwa kichwa. Kioo cha mbele kilikuwa kimeanza kufunga ukungu, akakipangusa kwa kiganja, akakiharibu zaidi. "Na Uingereza unakwenda lini?"

"Wiki ya pili ya Mei. Tiketi imeshakatwa." Hakuomba, wala hakuomba radhi.

"Nitakupeleka uwanja wa ndege."

"Najua utanipeleka. Wewe si dereva wangu?"

Alicheka kidogo, puani. Hakikuwa kicheko cha kushika sinki, lakini Jalaludin alikipokea. Baada ya muda, macho yake yakiwa kwenye kile kioo kisichoonyesha kitu, Zebunissa akaanza kusimulia.

"Ulisahau ndara zako. Zile za ngozi, za dukani. Ulivaa viatu kwa safari ukaziacha mlangoni. Toka ulipoondoka alizivaa yeye. Miguu hii hapa, ndara hizi hapa, anaburuza duka zima, kwara, kwara, anawaambia wateja Baba yuko, Baba yuko. Homa ilipompata nikamlaza, nikataka kumvua. Alikataa. Akalala nazo kitandani, chini ya shuka. Mama yako akasema mvue, ni uchafu. Mimi nikaziacha." Alivuta pumzi. "Nilizivua mwenyewe, baadaye. Nikazipangusa, nikaziweka mlangoni mahali pake. Uliporudi ukazivaa."

Jalaludin aliegemeza paji la uso kwenye usukani. Alilia kwa sauti, kwa kwikwi, kama wanaume wa kwao wasivyopaswa kulia kwenye uwanja wa magari, na Kamrudin aliyekuwa akipita na sahani ya maua alijifanya hakuona, akamharakisha mkewe. Zebunissa hakumshika wala hakumnyamazisha. Alimpa kitambaa chake, akangoja.

Ilipita muda mrefu kabla hajaweza kusema. Na alipoweza, jambo la kwanza lililomtoka lilimfanya aone haya hata yeye mwenyewe, ila hakuweza kulizuia.

"Hii ya ndara," alisema. "Jenerali umemwambia?"

Zebunissa alimgeukia. Alimtazama yule mzee wake mwenye macho mekundu, kamasi kwenye masharubu.

"Hii bado."

"Basi usimwambie."

"Nitaona," alisema Zebunissa, akavuta mkanda, akafunga.